Chupa Hairudi Tupu

Kwetu Mbooni tunaringa kwa maji. Mgeni kutoka bondeni akifika nyumbani, kitu cha kwanza anachopewa ni kikombe cha maji ya chemchemi, na kabla hajameza vizuri ameshaulizwa kama amewahi kuonja matamu kama hayo. Mama yangu ndiye bingwa wa swali hilo. Nilipomwambia nimepata kazi ya kupima maji karibu na mgodi huko Kitui, upande wa Migwani, aliniuliza jambo moja tu: "Kwani huko kuna maji ya kupima?"

Nilicheka, lakini niliudhika pia. Mimi hukasirika upesi, hasa nikisikia mtu anaudharau mto wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka ukiutazama mto wa Kitui huoni ila mchanga mweupe na nyayo za punda. Maji yenyewe yamo chini, yamejificha mchangani mahali ambapo jua haliyafikii. Wanawake huchimba kisima humo humo mtoni, wakakizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie, kisha hukaa kando na kopo wakiyangoja maji yapande polepole. Kiangazi kikikaza, kisima nacho kinazidi kwenda chini, hadi anayechota unamwona kitambaa cha kichwa tu. Nimesomea maji ya chini ya ardhi, na habari za mito hiyo naweza kuzieleza hadi chai yako ipoe.

Mgodi ulikuwa wa mawe ya chokaa. Shimo lao lilikuwa limeenda chini sana, maji ya mwambani yakaanza kuwaingilia, nao walitaka kuendelea kuchimba. Basi wakaweka pampu, na maji yale wakayapitisha kwenye bomba hadi mtoni, juu kidogo ya kijiji. Serikali iliwaruhusu kwa kiangazi kimoja, kama majaribio, kwa sharti kwamba maji ya mto na ya visima yapimwe muda wote huo. Mpimaji nilikuwa mimi. Maji yakionekana salama, bomba lingebaki pale kwa miaka yote ya mgodi. Yakionekana yameharibika, ingewabidi watafute njia nyingine. Jambo la kuhofia lilikuwa chumvi, maana maji ya mwambani upande ule yamekaa na mawe muda mrefu na mara nyingi huwa na chumvi nyingi kuliko yale ya mchangani.

Kisima kilichokuwa karibu zaidi na bomba kilikuwa cha kikundi cha akina mama wa kanisa. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo na bustani ya sukuma wiki na nyanya kwenye ukingo wa mto. Bustani ile aliinywesha kwa ndoo za maji ya kisima, asubuhi na jioni, na nyumba yake yote ilikula kutoka humo. Nilimwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu. Yeye aliniita daktari wa maji, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba sijawahi kumtibu mtu.

Siku yangu ya kwanza pale pampu ilikuwa bado haijawashwa. Niliteremsha kisimani utepe wangu mrefu, ule unaolia ukigusa maji, na akina mama wakacheka hadi wakashikana mabega. Mmoja alisema unalia kama mwanambuzi aliyeachwa nyuma. Kisha nikatoa kipima chumvi changu, kijiti kidogo kama kalamu nene, nikakichovya majini. Chumvi ilikuwa kidogo tu, kama inavyotakiwa. Nikawaambia maji yao ni mazuri, na mwaitu akaitikia kwa kichwa kama mzazi anayesikia mtoto wake akisifiwa shuleni. Halafu akanipikia chai.

Nisingeweza kufika pale kila wiki. Nilikuwa na kazi nyingine Tawa, ya visima vya shule, iliyonishika kiangazi chote. Kwa hivyo nikawaachia akina mama katoni ya chupa ndogo safi zenye vibandiko, na juu ya kila kibandiko nilikuwa nimeandika jina la kijiji. Tukakubaliana kwamba kila wiki watajaza chupa, waikaze kifuniko, wampe mwenye bodaboda aendaye Migwani siku ya soko, na kutoka hapo itafika maabara Nairobi.

Chupa hazikukosa hata wiki moja. Watu wa maabara waliniambia hawajawahi kupokea chupa zilizotunzwa namna ile, zimepanguswa vumbi na kila kifuniko kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Majibu nayo yalikuwa mazuri. Wiki baada ya wiki yalikuwa mazuri hata kuliko yale ya siku ya kwanza, na hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Maji yanaweza kubaki vilevile, yanaweza kuharibika, lakini kuwa matamu zaidi katikati ya kiangazi, tena chini ya bomba la mgodi, hiyo ilikuwa habari mpya kwangu.

Katikati ya hayo mwaitu akanipigia simu.

"Daktari, maji imeharibika. Sukuma inaungua kwa ncha. Na ukipika ndengu, haiivi."

"Mwaitu, nina majibu ya maabara hapa mbele yangu. Yanasema maji yenu ni matamu."

"Hiyo maabara yenu iko na ulimi kweli?"

Siku chache baadaye akapiga mhandisi wa mgodi, kijana mpole kutoka upande wa Nyeri, akiwa na furaha tele. Yeye pia alikuwa amepata nakala za majibu. Baraza lilikuwa limepangwa kwenye uwanja wa kanisa, chifu angekuwepo, na mimi ningesimama niwasomee watu kwamba mambo ni shwari. Nikaondoka Tawa siku moja kabla ya baraza ili niende nikajionee mwenyewe.

Nilianzia bustanini. Majani ya sukuma yalikuwa ya kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na kwenye matuta kulikuwa na ukoko mweupe uliovunjika nilipougusa kwa kidole. Nyanya zilikuwa zimedumaa. Ile ilikuwa chumvi, na hakuhitajika mtu wa Nairobi kuniambia.

Mwaitu hakuniruhusu niende mtoni kabla sijanywa kitu. Akaniketisha jikoni kwake, akaleta chai ya maziwa na kipande cha boga. Nikanywa funda la kwanza, la pili, na kikombe kikanisimama hewani. Chai ilikuwa tamu kama ile ya siku ya kwanza.

"Mwaitu, hii chai umepika na maji ya wapi?"

"Ya tangi ya kanisa."

"Kwa nini si ya kisima?"

Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza kwa nini havai viatu kichwani. "Sasa mgeni atapewa chai ya chumvi?"

Nikaweka kikombe chini. Swali lililofuata nililijua jibu lake kabla sijaliuliza, lakini niliuliza. "Na zile chupa?"

"Zile pia. Tulijaza ya tangi."

"Zote?"

"Zote. Wewe uliandika jina ya kijiji yetu kwa chupa. Sasa sisi tutume Nairobi maji mbaya, na jina yetu iko hapo juu? Watu wakubwa wafungue, waonje, waseme, kumbe hawa watu wa hapa ndio hivi?" Alikuwa anaongea kwa utulivu kabisa. "Ile ya kuharibika si nilikwambia kwa simu. Hiyo ni maneno yetu mimi na wewe. Lakini chupa ni kitu ya kutoka kwa nyumba."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kicheko ndicho kilichotangulia. Nilicheka hadi naye akaanza kucheka, ingawa hakujua tunachocheka. Maana mimi ni Mkamba, nimelelewa na mama yule yule wa chemchemi, na utoto wangu wote nimepanda na kushuka njia za Mbooni nikirudisha bakuli za watu. Jirani akikuletea ndengu kwenye bakuli, bakuli hairudi tupu. Utaweka mayai, utaweka papai, ukikosa kabisa utaweka limau moja, lakini kitu kizuri ulichonacho ndicho kitakachoandamana na chombo cha mwenzio. Na mimi, pamoja na masomo yangu yote, niliwaachia akina mama wa Ukambani katoni nzima ya vyombo vitupu, nikategemea wanirudishie kitu kibaya.

Kilichonigusa zaidi nilikijua baadaye kidogo, tulipopita kanisani. Tangi lile la maji ya mvua lilikuwa limebakiza maji ya goti tu. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mke wa mchungaji. Maji yake yalikuwa ya wagonjwa, ya watoto wachanga na ya wageni. Katika kiangazi kama kile, akina mama walikuwa wameketi na kukubaliana kwamba chupa zangu nazo zihesabiwe miongoni mwa wageni. Nilisimama pale nikajifanya naangalia mfereji.

Mtoni nikachovya kipima chumvi kisimani. Namba zikapanda, zikapita zile za siku ya kwanza, zikaendelea kupanda. Nikachota kidogo kwa kopo nikaonja. Chumvi ikanishika ulimi, kisha kooni. Huko juu, nyuma ya vichaka, bomba la mgodi lilikuwa likimwaga bila haraka, na mbuzi wa watu walikuwa wakinywa pale chini yake.

Mwaitu alikuwa ameacha kucheka. "Kesho utaambia watu tulidanganya?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na yeye aliliona kabla yangu. Kama ningesimama barazani nikasema chupa zote za kiangazi zilikuwa za tangi, wa mgodi wangeuliza, kwa haki yao, kama kuna neno lolote la watu hawa linaloweza kuaminiwa. Na akina mama wangeaibika mbele ya chifu na mchungaji wao. Lakini nikinyamaza, bomba lingebaki, na ile bustani isingeona kiangazi kingine. Tulikaa kwenye mchanga tukiwaza. Mwishowe nikamwambia kwamba kesho, kabla mtu yeyote hajasema lolote, wageni wapewe chai. Na chai hiyo ipikwe kwa maji ya kisima.

Alikataa katakata. "Chai ya chumvi? Kwa chifu? Na mchungaji akiwa hapo?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Wewe, kwani mama yako alikufunza nini?"

Nikamwambia mama yangu alinifunza yale yale aliyofunzwa yeye, na hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa. Tulibishana kutoka mtoni hadi mlangoni kwake. Nilikasirika, naye akakasirika, na nikaona tunafanana. Alikubali jua likiwa limeshazama, kwa sharti kwamba mtu yeyote akiuliza, ajibiwe kuwa ni amri ya daktari.

Asubuhi nilimkuta jikoni mwa kanisa akitwanga tangawizi, rundo lake lingetosha harusi. Nikamnyang'anya. Akanung'unika kwamba hata mdalasini kidogo nimemkatalia. Akapika ile chai akiwa amegeuza uso pembeni, na mimi nikakaa mlangoni kama askari, maana nilijua nikigeuka tu kuna jagi la maji ya tangi litakaloingia humo.

Watu wakaja, maombi yakafanywa, vikombe vikagawiwa. Nilimkazia macho mhandisi. Akanywa funda la kwanza. Nikaona shingo yake ikisita, macho yakapepesa. Kisha akanywa la pili. Akamtazama mwaitu, aliyekuwa amesimama karibu na birika huku mikono imeshika leso, akatabasamu.

"Asante mama. Chai nzuri sana."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kijana naye alikuwa amelelewa vizuri! Nikageuka kwa chifu, na chifu alikuwa amemaliza kikombe chake na kuinamisha kichwa kwa shukrani. Mchungaji alikuwa anakunywa kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kufunga. Uwanja mzima ulikuwa unakunywa chai ya chumvi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kumvunjia mwenyeji heshima. Niliona kazi yangu yote inazama kwenye adabu za watu kwa mara ya pili, na nikafungua kinywa ili niharibu mambo mwenyewe.

Mwaitu akanitangulia. Alienda hadi mbele ya mhandisi, akanyoosha mkono.

"Wacha, kijana yangu. Usimalize. Hiyo chai ni mbaya."

Mhandisi akabaki ameshika kikombe.

"Tangu niolewe hapa sijawahi kupea mgeni chai kama hiyo," akasema kwa ile sauti yake ya kuongoza nyimbo. "Nimeona haya tangu asubuhi. Hiyo ndio maji ya kisima yetu sasa. Ile tulituma kwa chupa ni ya tangi, kwa sababu hii tuliona aibu kutuma. Hatukutaka kudanganya mtu. Tulitaka mkifungua mfurahi. Sasa mumeonja. Sisi hunywa hiyo kila siku."

Mhandisi alitazama ndani ya kikombe kwa muda. Kisha akakiweka chini ya kiti.

"Kusema ukweli, mama," akasema, "ni mbaya sana."

Kicheko kilianzia kwa chifu. Kikapita safu ya akina mama, kikamfikia mwaitu mwenyewe, akacheka huku anafuta macho na ile leso. Nilifurahi sana. Nimehudhuria mabaraza mengi ya maji, na mengi huisha kwa watu kuondoka kila mmoja na hasira yake. Hili lilikuwa ndiyo kwanza linaanza, na tayari tulikuwa upande mmoja.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Tuliteremka mtoni pamoja, na nikampa mhandisi kile kijiti akichovye mwenyewe. Juu ya bomba kulikuwa na kisima cha wafugaji, na humo chumvi ilikuwa kidogo, kama siku ile ya kwanza. Kwenye mdomo wa bomba namba zilipanda ghafla. Chini yake, kisima baada ya kisima, zilikuwa juu, zikipungua taratibu kadiri tulivyoteremka. Hakubisha. Aliniuliza maswali ya mtu anayetaka kuelewa, na kabla hatujapanda ukingo alikuwa ameshapiga simu pampu izimwe. Nikachota chupa nyingine, safari hii mbele ya macho ya wote, na maabara ikasema yale yale yaliyosemwa na chai.

Ripoti niliiandika kwa raha. Wa mgodi wakakubali kuchimba bwawa ndani ya ardhi yao, walitandikie nailoni nzito, na maji ya shimo yaishie humo. Kuendelea kwenda chini zaidi kulisimamishwa hadi bwawa likamilike. Hadi mvua ilipokuja, lori lao lilileta maji kijijini, na la kwanza kujazwa lilikuwa tangi la kanisa.

Mvua za Novemba zikanyesha vizuri mwaka huo. Mto ukashuka kwa kishindo, ukafua mchanga wake wote, na Januari nikarudi kupima. Chumvi ilikuwa imeshuka sana. Haikuwa imeisha, mchanga hausahau kwa msimu mmoja, lakini ilikuwa imeshuka, na sukuma mpya ilikuwa na majani mapana ya kijani hadi ncha. Nilikunywa chai ya maji ya kisima nikiwa jikoni kwa mwaitu. Sikuulizwa kama naitaka ya tangi, na hilo lilinifurahisha kuliko chai yenyewe.

Nilipokuwa naondoka akanipa chupa mbili. Moja ilikuwa ya kwangu, yenye kibandiko.

"Hii ni ya maabara. Nimechota kisimani, usiogope." Ya pili ilikuwa chupa kubwa ya soda, imejaa hadi shingoni na imefungwa nailoni. "Na hii ni ya mama yako. Si uliniambia yeye ndio alisema hatuna maji? Aonje, mwana wakwa."

Chupa ile niliishika kati ya magoti njia yote, kutoka Migwani hadi Tawa na juu hadi Mbooni, na kwenye kona za mwisho mlimani, nyuma ya bodaboda, niliikumbatia kama mtoto. Mama alikuwa na wageni, majirani kutoka ng'ambo ya kijito. Nikatoa kikombe, nikammiminia, nikamwambia hii ni zawadi kutoka Kitui, kutoka kisima cha rafiki yangu. Akanusa. Akanywa kidogo, akayazungusha mdomoni kama kawaida yake, majirani wakimtazama.

"Haya maji ya wapi?" akasema. "Yana kachumvi."

Nilimjibu kabla sijafikiri. "Chumvi ni ya chupa, mama. Maji hayana neno."